Mbao nzito zinazofanana: jinsi ya kujua umeshika nini kabla hujaiweka kwenye mashine ya kukereza

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nina kipande cheusi kizito, ni mpingo au eboni? Niliuziwa lignum vitae, mbona jamaa ananiambia sio yenyewe? Hii nyekundu ni kokobolo au nimepigwa? Na swali linakuja na picha moja ya simu, imepigwa usiku chini ya taa ya njano, mbao imepakwa nta mpaka inang'aa. Kwa picha kama hiyo hakuna mtu atakaekupa jibu la kweli, hata awe amekereza tangu utoto, kwa sababu kinachotofautisha hizi mbao hakiko kwenye rangi ya juu. Kiko kwenye uzito, kiko kwenye kichwa cha mbao pale ilipokatwa kuvuka nyuzi, na kiko kwenye maranda. Vyote hivyo unaweza kuvipima mwenyewe mezani kwako na vifaa vya kawaida kabisa.

Afu sio ishu ya majina tu. Eboni ni kavu na inakatika vipande vidogo, ukiipasha moto kwa kusugua msasa sana inapasuka, wakati mpingo unaweza kuuchongea hata nati za kufungia kifuniko na zikakaa vizuri. Kokobolo ina mafuta yanayokataa gundi na kukataa vanishi. Vumbi la baadhi ya hizi mbao linawasha ngozi na kubana kifua. Kwahiyo ukijua jina, unajua ukate vipi, ugundishe vipi, upake nini.

VITU VYA KUANDAA

- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, ile ya jikoni inatosha
- Rula, au kalipa kama unayo
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Hii usiikwepe, kamera ya simu haifanyi kazi yake vizuri
- Wembe mpya. Mpya kweli, sio ule uliokatia maboksi
- Msasa namba 120, 240, 400 na 600
- Spiriti na kitambaa cheupe cha pamba
- Magadi kidogo yaliyoyeyushwa kwenye maji
- Tochi ya UV, ile ya kukagulia noti
- Glasi mbili tatu za kioo zisizo na rangi
- Barakoa ya vumbi ya kueleweka (N95 au P2 kwenda juu), miwani na glavu
- Ukiweza, vipande vidogo vya mbao ambazo una uhakika nazo, vya kulinganishia. Hivi ndo vina thamani kuliko vyote hapo juu

HATUA KWA HATUA

1. Toa nta na uchafu kwanza

Vipande vingi vya kukerezea vinauzwa vimechovywa kwenye nta ili visipasuke. Nta inabadilisha rangi, inaziba vitundu na inaongeza uzito. Ikwangue, kisha sugua upande mmoja wa ubavu na kichwa kimoja mpaka ukutane na mbao mpya. Ile rangi ya nje ya zamani isahau kabisa, mbao karibu zote za aina hii zinakuwa nyeusi au za kahawia zikikaa kwenye hewa na mwanga, kwahiyo za zamani zote zinaishia kufanana.

Wakati unasugua angalia vumbi linalotoka. Eboni ya kweli inatoa vumbi jeusi kama masizi. Mpingo unatoa la kahawia iliyoiva lenye uzambarau ndani. Kokobolo vumbi lake ni la rangi ya machungwa hata kama ubavu wa kipande umeshakuwa mweusi.

2. Pima uzito wa kila sentimita ya ujazo

Hapa ndo pa kutulia, maana hii hatua peke yake inaua nusu ya ubishi wote.

Kama kipande ni cha mraba kazi ni rahisi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu gawanya gramu kwa jibu ulilopata. Mfano kipande cha 5 × 5 × 15 kina ujazo wa sentimita 375. Kikiwa na gramu 476, hiyo ni 1.27, na hapo mpingo unabisha hodi. Kikiwa na gramu 358 ni kama 0.95, hiyo iko eneo la eboni ya Gabon. Kwa macho vipande hivyo viwili vinaweza kuwa sawa kabisa, ila tofauti ya zaidi ya gramu 100 mkono wenyewe unaisikia.

Kama kipande kina umbo la ajabu, tumia maji. Weka chombo chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, kisha zamisha mbao yote ndani ya maji. Namba ya gramu itakayotokea ndo ujazo wako kwa sentimita. Kama mbao inaelea isukume chini kwa sindano nyembamba, kama inazama ining'inize kwa uzi. ANGALIZO: isiguse chini wala pembeni ya chombo! Ikigusa chini mizani inasoma uzito wa mbao yenyewe na hesabu yote inakuwa takataka. Watu wengi wanakosea hapa afu wanarudi kusema njia haifanyi kazi. Na ifanye haraka, ifute, iache ikauke.

Namba za kulinganishia, kwa mbao iliyokauka vizuri, ni wastani tu, kipande kimoja kimoja kinaweza kupanda au kushuka kidogo:

- Mpingo (Dalbergia melanoxylon, Dalbergia ndo jina la jamii yake) 1.27
- Lignum vitae (Guaiacum) 1.26
- Vera, inayouzwa pia kama lignum vitae ya Argentina, 1.19
- Kataloksi (Swartzia cubensis) 1.15
- Eboni ya Macassar 1.12
- Ipe 1.10, kumaru 1.09, kokobolo 1.10
- Satine 1.05
- Dalbergia ya Honduras (D. stevensonii) 1.03
- Eboni ya Gabon 0.96, ya Sri Lanka 0.92
- Wenge, panga-panga na pau ferro, zote kwenye 0.87
- Padauki 0.75

Kosa kubwa kwenye hii hatua ni kupima mbao mbichi. Maji yaliyomo ndani yanapandisha namba, eboni mbichi inaweza kuzama kwenye ndoo kama jiwe na wewe ukashangilia umepata mpingo. Kosa la pili ni kupima kipande ambacho nusu yake ni ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Ile ni nyepesi kuliko kiini, tafuta kipande ambacho ni kiini kitupu.

3. Kata kichwa cha mbao kwa wembe

Lowesha kichwa kwa maji kidogo, kisha kata tabaka jembamba sana kwa wembe mpya, kuvuka nyuzi, eneo la ukucha tu linatosha. Kwa mbao ngumu kama hizi wembe unachoka baada ya mikato michache, badilisha bila huruma. Ukishindwa kabisa sugua kwa msasa 120 mpaka 600 kwa mpangilio bila kuruka namba, kisha piga upepo au futa vumbi kwa mswaki mkavu.

Sasa lete lenzi karibu na jicho, kisha sogeza MBAO mpaka ionekane safi. Usishike lenzi mbali kama unasoma gazeti.

Unatafuta vitu viwili tu. Kwanza vitundu: viko peke yake peke yake, au viwili vitatu vimeshikana, au vimejipanga mistari? Pili vile vistari vyepesi vya rangi hafifu: vinazunguka vitundu, vinapita kama mawimbi, au ni mikanda iliyonyooka? Chora unachokiona kwenye karatasi, mchoro mbaya unatosha, mkono ukichora jicho linalazimika kuangalia.

4. Nusa

Kata maranda mapya na unuse maranda, SIO vumbi. Kamwe usivute vumbi puani kutafuta harufu. Kokobolo ina harufu kali ya viungo, Dalbergia ya Honduras ni tamu kama waridi, lignum vitae na vera zote zina manukato, kumaru ina ka-harufu ka vanila au mdalasini na ipe haina. Mpingo harufu yake ni ndogo. Mbao ikiwa kavu ya siku nyingi, ilowanishe kwanza ndo unuse.

5. Futa kwa spiriti

Piga kwanza upepo vumbi lote, kisha loanisha kitambaa cheupe kwa spiriti na sugua pale pa mbao mpya. Mpingo unaacha doa la zambarau ya kahawia. Kokobolo inaacha rangi ya machungwa mpaka nyekundu, tena nyingi. Eboni inaacha kidogo sana au haiachi kitu. Doa jeusi kabisa kama wino lisikufurahishe hata kidogo, hiyo ni dalili ya mbao iliyopakwa rangi, ikate katikati uone kama weusi unafika ndani. Mara nyingi unakuta pembeni ni nyeusi na katikati inafifia, au nyuzi zingine zimekunywa rangi na zingine zimekataa.

6. Sasa chukua jozi yako na umalize kesi

Hatua zote za juu ni za kukusanya ushahidi. Hapa tunazipitia zile zinazochanganya watu zaidi.

Mpingo, eboni na kataloksi. Hawa watatu ndo wanaoleta maswali mengi kuliko wote. Kwa mpingo na eboni lenzi haikusaidii sana, kila kitu ni cheusi juu ya cheusi na vitundu vyao havijapishana kivile, kwahiyo tegemea uzito, spiriti na maranda. Chukua randa moja jembamba lishike kuelekea jua: la mpingo linaonyesha kahawia ya zambarau kwenye ukingo, la eboni linabaki jeusi. Kwenye mashine pia wanajisema wenyewe. Mpingo ukiukata na patasi kali unatoa maranda marefu na unaacha uso laini unaong'aa hata kabla ya msasa, eboni inatoa vipande vifupi na vumbi. Na kama kipande kina sehemu ya nje, mpaka wa mpingo ni mkali sana, njano hafifu kisha ghafla giza. Kuna alama nyingine nzuri ambayo wengi hawaijui: sugua ubavu wa mbao vizuri na uangalie kwa mwanga wa pembeni, Dalbergia nyingi zina vimistari vidogo sana vilivyolala kuvuka nyuzi kama vimawimbi vya mchangani. Kwenye eboni kwa kawaida huvioni. Kataloksi ndo mjanja wao, inauzwa sana badala ya eboni, lakini ikikatwa upya ina uzambarau wa wazi, ni nzito kuliko eboni ya Gabon, na kichwani kwa lenzi unaona vistari vyepesi vinavyounganisha vitundu kama mawimbi. Eboni ya Macassar yenyewe ina michirizi ya kahawia na nyeusi, hiyo macho yatakuambia.

Lignum vitae na vera. Hapa uzito hautoshi, 1.26 na 1.19 ziko karibu mno, zote zinazama, zote zina manukato, zote zinageuka kijani zikikaa kwenye mwanga. Ila lenzi inamaliza ugomvi kwa sekunde moja. Lignum vitae vitundu vyake vimetawanyika peke yake peke yake bila mpango. Vera vitundu vimejipanga mistari ya kupinda inayopanda kama ndimi za moto. Ukishaviona mara moja hutasahau. Vera ni mbao nzuri sana ya kukereza, sioni sababu ya mtu kuionea aibu, tatizo ni kuuziwa kwa jina la mwenzake.

Kokobolo, Dalbergia ya Honduras na pau ferro. Pau ferro sio Dalbergia, ni Machaerium, na inajitenga kwa uzito, iko chini kabisa, ina vitundu vidogo na haina ile harufu ya ndugu hawa wawili. Kokobolo na Honduras unazitenganisha kwa harufu na rangi ya maranda, machungwa kwa kokobolo, kahawia ya zambarau kwa Honduras. Tahadhari kubwa: kokobolo na pau ferro zote zinajulikana kwa kuleta vipele na mwasho, na mwili unaweza kuvumilia miezi kisha siku moja ukakataa moja kwa moja. Vaa barakoa na mikono mirefu tangu kipande cha kwanza.

Ipe na kumaru. Ipe ina unga wa njano ndani ya vitundu, ni kemikali inaitwa lapacholi. Dondosha maji ya magadi juu ya maranda mapya, yakigeuka mekundu ya kuiva ni ipe. Yasipogeuka, nusa, tafuta vanila.

Padauki na satine. Zote nyekundu, ila satine ni nzito mno, mizani inatosha. Kama unataka kuona kitu kizuri weka maranda ya padauki kwenye glasi ya maji, subiri kidogo, zima taa na upige tochi ya UV: maji yanawaka bluu. Hiyo ni tabia ya jamii ya Pterocarpus, mninga nao umo humo.

Wenge na panga-panga. Hizi mbili ni ndugu wa damu, Millettia laurentii ya Kongo na Kameruni, na Millettia stuhlmannii ya Msumbiji na Tanzania. Uzito sawa, mikanda ya giza na nuru sawa, panga-panga inaelekea kuwa na ukahawia zaidi. Mkerezaji hana cha kupoteza hapa, zinakatwa sawa, zinachoma vidole sawa. Kibanzi chake kikiingia kitoe haraka na uoshe, vina sifa ya kutunga usaha.

7. Andika

Andika kwenye kipande chenyewe: jina, uzito kwa sentimita, tarehe, na jinsi ulivyojua. Kata kipisi kidogo ukiweke kama sampuli. Kama umefika kwenye jamii tu na sio aina yenyewe, andika hivyo hivyo, "Dalbergia" peke yake ni jibu halali, ni bora kuliko jina kamili la kubahatisha.

Hii inakuwa na uzito zaidi kama unatuma kazi zako nje ya nchi. Jamii yote ya Dalbergia iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu Januari 2017, isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo iko Kiambatisho cha I tangu 1992. Guaiacum nayo imo. Ipe na kumaru ziliingia Novemba 2024. Vipimo vya mezani ni vya kwako wewe fundi, forodha wanataka karatasi, sio harufu.

MAMBO YAKIGOMA

Uzito umeangukia katikati. Mfano 1.08 kwa kipande cheusi. Kwanza hakikisha nta imeisha na hakuna sehemu nyeupe ya nje. Kisha pima, andika, weka mahali pakavu penye hewa, pima tena baada ya wiki mbili. Kama gramu zinaendelea kushuka mbao bado ina maji, subiri mpaka zitulie ndo upige hesabu upya.

Kwa lenzi naona ukungu tu. Wembe umechoka au vitundu vimejaa vumbi la msasa. Kata upya, lowesha, geuza mbao ili mwanga uje kwa pembeni. Mwanga wa jua wa asubuhi ni mzuri kuliko taa yoyote.

Vipimo vinapingana. Rangi inasema hivi, uzito unasema vile. Amini uzito na kichwa cha mbao, rangi iwe ya mwisho kusikilizwa. Vikipingana hivyo viwili vyenyewe rudia hesabu ya ujazo, mara nyingi ni rula au chombo cha maji kimeguswa.

Maji ya magadi hayakugeuza kitu na una uhakika ni ipe. Umedondosha kwenye uso wa zamani. Pasugue papya, au weka maranda kwenye glasi na umwagie.

Maji hayawaki bluu kwa UV. Chumba hakina giza la kutosha, au maranda ni machache, au tochi yako ni taa ya zambarau tu na sio UV. Ijaribu kwenye noti kwanza.

Gundi imeachia. Mbao yenye mafuta, hasa Dalbergia na lignum vitae. Futa sehemu ya kugundisha kwa asetoni, ikishakauka tu gundisha hapo hapo, usisubiri kesho maana mafuta yanarudi juu.

Mafuta au vanishi niliyopaka bado inanata siku ya tano. Kama ulikuwa unadhani ni eboni, rudi hatua ya 2 na ya 5, kuna uwezekano mkubwa umeshika Dalbergia, kuna vitu ndani ya hizo mbao vinazuia mafuta kukauka. Futa yote kwa thina, acha ikauke, paka koti jembamba la shelaki kwanza lizibe, au achana na mafuta kabisa umalizie kwa nta na kung'arisha, mpingo uliosuguliwa vizuri mpaka 600 na zaidi hauhitaji kingine.